Nani Kautilia Samadi Mmea Wangu?

Wanangu, na wewe baba yao,

Nimetoka. Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni moto.

Mmea wangu unaokula wadudu msiuguse! Asubuhi nimeukuta umenyauka, chungu kimejaa udongo mweusi wa samadi. Nilishasema, huu hautaki rutuba: ni kuvumwani, ule ukoga laini wa kwenye mawe yenye unyevu, na mchanga uliooshwa basi. Mbolea inaunguza mizizi. Nimeupanda upya. Upeni maji ya mvua yaliyo kwenye ndoo, ya bomba hapana.

~~Baba yao, kiri tu.~~ Sina ushahidi. Ila kikulacho ki nguoni mwako. Jana mtu alisema, "Maskini, mmea umekonda." Leo mtu huyohuyo, ambaye hajawahi kuosha hata kijiko, kaamka alfajiri kuosha koleo.

Mama yenu, mke wa mtu huyo