Maji Niliyomwachia Orval

Jumatatu, 3 Juni

Theluji mlimani imeisha. Juni ndiyo kwanza inaanza! Kijito kimekonda, mawe yote yako nje. Leo nimesafisha mfereji peke yangu, koleo mkononi, mgongo unalia. Wakili wangu, Prather, kasema nisafishe na nipige picha, majaji wa mahakama ya maji wanapenda picha.

Kesi ni Jumatano ya wiki ijayo. Ofisi ya maji ya jimbo inadai nimeitelekeza haki yangu ya maji. Nimeitelekeza! Babu yangu alichimba mfereji huu kabla bonde halijapata hata barabara. Kwa sheria ya huku Colorado, aliyetangulia kuchota ndiye wa kwanza, hata shamba lake likiwa upande wa chini wa mto. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukikaa miaka kumi bila kuyatumia, umeyapoteza.

Na kweli sikuyatumia. Hilo ndilo linaloniuma. Nyasi za kununua zimemaliza akiba; bila maji hakuna nyasi, na bila nyasi ng'ombe wa marehemu mume wangu Vern wanakwenda mnadani wote.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yangu Orval kaja na pai ya pichi. Ukoko umeungua, kama kawaida yake. Nimekula vipande viwili.

Shamba lake liko juu yangu kijitoni. Haki yake ni changa kuliko yangu. Kila kiangazi maji yakipungua ningeweza kumwita bwana maji, afisa anayegawa maji ya kijito, amfungie Orval lango la mfereji wake, mimi nipate. Sikuwahi. Nilifunga langu. Nyasi zikikauka huota tena mwakani. Mpichi ukikauka ni kuni. Ningekaaje barazani na kahawa yangu huku miti ya mwenzangu inakufa mbele ya macho? Vern angenicheka, halafu angefanya vilevile.

Orval ndiye shahidi wetu. Kasema wakili kampanga: ajibu anachoulizwa tu. Mfereji msafi? Ndiyo. Lango linafunguka? Ndiyo. Akae chini.

"Basi fanya hivyo hivyo," nikamwambia. "Mdomo wako naujua."

"Dada, siku hiyo mimi bubu."

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Orval alivaa tai. Tai! Tangu mazishi ya Vern sijamwona na tai. Akaulizwa kuhusu mfereji, akajibu ndiyo. Lango, ndiyo. Nikaanza kupumua. Kumbe hajamaliza — akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, kuna jambo nimekaa nalo moyoni miaka, hakuna aliyewahi kuniuliza. Huyu mama alifunga lango lake kila kiangazi ili miti yangu iishi. Hakuchukua hata tone. Nataka liandikwe mahali."

Likaandikwa. Wakili Prather aliinamisha kichwa. Mwanasheria wa jimbo akainuka taratibu, hana haraka.

"Hata tone, mzee?"

"Hata tone!"

"Kila kiangazi?"

"Kila kiangazi, bwana. Muulize yeyote bondeni."

Mwanasheria akasema hana swali zaidi, akaketi. Orval aliposhuka kizimbani alinikonyeza. Jamani — alinikonyeza!

Alhamisi, 13 Juni

Orval kapiga simu. Eti aliongea vizuri? Nikasema vizuri sana. Nimelia nikiwa nakamua ng'ombe.

Jumanne, 25 Juni

Nimeshindwa.

Jaji alikuwa mpole, hata sikupata wa kumkasirikia. Kasema wema kwa jirani si matumizi ya maji. Nilipaswa kuiomba ruhusa mahakama kabla ya kumwachia. Ruhusa! Ya kutochukua! Haki imefutwa. Maji yatapita mbele yangu yaende kwa wenye haki huko chini, mpaka mjini, kwenye bustani za watu nisiowajua.

Potelea mbali, nilimwambia wakili. Lakini funguo za gari zilinidondoka mara mbili.

Ijumaa, 28 Juni

Teague, bwana maji, kaja kulifunga lango langu kwa mnyororo na kufuli. Namjua tangu anafundishwa kuendesha trekta na Vern. Hakuniangalia usoni.

"Mama Ardith, usinichukie."

"Sikuchukii. Kaza vizuri, kufuli lenyewe linaonekana la bei rahisi."

Nilimkaribisha kahawa, akakataa. Kisha Orval akatokea. Akaushika mnyororo, akauangalia kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. "Ni mimi?" Nikamwambia ni sheria. "Ni mimi," akasema, akaondoka bila kuaga. Orval! Bila kuaga!

Jumapili, 30 Juni

Asubuhi simu. "Dada, nimefunga lango langu. Maji yote yanashuka kwako. Leo zamu yangu."

Nikakimbilia kijitoni. Kweli yanakuja! Mengi, yananguruma kama enzi za babu. Yamegonga lango langu, mnyororo ukalia kidogo, yakageuka, yakaenda zake mjini.

Nimempigia: fungua, Orval, siruhusiwi kuyagusa. "Acha ubishi. Hapa ni mimi na wewe, serikali haimo." Nikaendesha hadi kwake. Kaweka kiti kando ya lango, kofia usoni, mipichi nyuma yake imejaa matunda mabichi, majani yameanza kujikunja. Nimembembeleza. Nimemtukana. Hafungui, anasema, mpaka aone shamba langu limelowa.

Haliwezi kulowa! Na yale matunda hayamalizi wiki kwa jua hili.

Basi nimerudi, nimevuta mpira wa maji ya kisima cha nyumbani mpaka ukingo ule wa shamba unaoonekana kutoka barabarani. Nimemwagilia nyasi hizo tu, upana wa kitanda na nusu. Nikampigia simu: njoo uone, limelowa, Mungu akubariki, kafungue miti yako inywe.

Akasema anakuja aone kwa macho yake.

Nimeketi nyuma ya gari naandika huku mpira uko mguuni. Kisima cha nyumbani kimeanza kukohoa — upepo, matone, upepo. Vumbi la gari lake nimeliona kwenye kona. Huku mwanzo wa ukingo, nilipoanzia kumwagilia, kumeshakauka.