Baba Amesema Hataitikia Shikamoo Yangu

Mama Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, unisaidie, maana akili yangu haitulii.

Mimi ni mwalimu wa kike katika shule ya misheni wilayani Masasi, nafundisha historia, na kila Krismasi wasichana wangu huigiza, na kwa hiyo nimependa mno kujua michezo ya kuigiza ilianzaje duniani, nimesoma habari za Wayunani na Waingereza, na sasa nimepata nafasi ya kwenda Uganda kusomea jambo hilohilo, ila kwanza nipeleke insha juu ya mchezo wa kwetu, nikachagua midimu, ile ngoma ya vinyago vijana wakitoka jandoni.

Basi likizo nikapanda Newala kumwuliza baba, ambaye tangu utotoni najua ndiye anayevaa kinyago chenye ndevu, kwani nilikitambua kikohozi chake, na wewe unajua mila, mwanamke huambiwa yule ni mfu aliyefufuka, asijue kuna mtu ndani, lakini nikadhani mimi nimesoma, ataniambia. Akawaka! "Nani kakwambia mle mna mtu? Ukiandika hivyo usiniamkie tena. Shikamoo yako sitaiitikia." Nikamwendea mama, ndiyo kwanza anarudi na maji kutoka bondeni, akacheka, "Mwanangu, usiniulize mie, mie huwa nakimbia," na ni kweli, kila mwaka kinyago kikitokea huutua mtungi, akauweka juu ya ngata yake ya kichwani usipinduke, kisha hupiga yowe na kukimbia na wenzake.

Nikiandika kweli nampoteza baba, nikiandika uongo mimi si msomi, nikinyamaza nafasi inapotea. Sijui nishike lipi.

Mwalimu (jina limehifadhiwa), Newala

MAMA ESHA ANAJIBU:

Pole mwalimu, ingawa mengine umejitakia. Unamfuata mzee wa watu uani kwake, unamtaka avue kinyago mbele ya binti yake! Ulitegemea akupigie makofi? Kamwombe radhi, na uende na tumbaku yake.

Sasa nisikilize. Wayunani umewasoma, mama yako hujamsoma. Mtu anayemwogopa mfu kwelikweli anapata wapi nafasi ya kuweka ngata? Baba yako anacheza, na mama yako anacheza pia, na wote wawili wanalijua hilo. Wanawake wasipokimbia hakuna midimu. Wewe umehangaika na mtu mmoja aliye ndani, umesahau kijiji kizima kilicho nje.

Andika hao. Nani huanza yowe, wanakimbilia wapi, bibi zao walikimbiaje. Andika na mtungi unavyotuliwa. Ukifika kwenye kinyago, sema wazi kwamba wewe ni binti wa huko na hapo ndipo mwisho wako. Msomi anayesema amekomea wapi hajadanganya mtu.

Kabla hujaituma, msomee baba yako insha yote. Ukimaliza, mwamkie. Akiitikia, nenda posta. Asipoitikia, umegusa pasipo pako, kaandike upya.

Nami ni mzaliwa wa Newala. Mara ya kwanza nilikimbia na mtungi kichwani, ukaanguka ukavunjika. Mama alinichapa, akalia kwa ajili ya maji yale, kisha akanifundisha: "Tua kwanza, mwanangu, ndipo uogope."