Sentimita Ishirini na Mbili za Mama

Jabe, Bujumbura
20 Julai 2003

Mdogo wangu Ilias,

Mama ametutoka Ijumaa tarehe 11, mabomu ya waasi yakianguka mjini. Asalamu alaikum. Huko Ubelgiji u mzima? Huku tuliobaki hatujambo.

Tulimzika mbio mbio, tena tumemzika pungufu. Mwaka jana, ulipokuja kututembelea, daktari alimkata utumbo wenye uvimbe, sentimita ishirini na mbili. Ukauchukua kwenye chupa, ukamwambia, "Mama, naupima kwenye labo yetu ya utafiti Ubelgiji, halafu nauzika huko kwenye makaburi ya Waislamu." Siku ya mwisho aliniuliza, "Ilias ameshanizikia nyama yangu?" Nikamwambia nitakuuliza. Uliuzika wapi? Lini?

Dada yako,
Saliha

Liège
9 Februari 2004

Mpendwa Dada,

Waalaikum salaam. Pole, na samahani kwa kuchelewa. Afya yako? Duka la vipuri linaendaje? Mimi mzima.

Sijauzika. Elewa, Dada: ndani ya chembe za mwili mna vijipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ya urithi, visivyotengeneza protini yoyote. Sisi watafiti tulivipuuza miaka mingi. Kumbe vingine huzuia chembe zisizaane ovyo! Katika uvimbe wa Mama vimepungua mno kuliko katika utumbo mzima ulio kando yake. Profesa wangu anasema hii ni kazi kubwa. Mama bado anasaidia watu.

Mdogo wako,
Ilias

Jabe
18 Februari 2004

Ilias,

Salamu zimefika. Mi mzima, duka zima, na hasira nayo nzima.

Karibu miezi saba! Eti Mama anasaidia watu. Nani alimuuliza? Alikubali kupimwa, apana kuwekwa kabatini. Na usidhani sikukuelewa. Kuna kitu kidogo kinachoiambia nyama: basi, inatosha. Na we, nani wa kukuambia basi?

Umetumia sentimita ngapi? Zimebaki ngapi? Hata ikibaki moja, ni yake. Shehe Radjabu amesema tutaichimbia kando yake, kaburi halifunguliwi. Jirani yetu Shakuru yuko huko kununua vipuri, anapanda ndege Jumamosi tarehe 28. Ijumaa jioni atapita kwako. Utampa chupa, au hutampa? Habari za profesa sizitaki. Tuma faksi hapa dukani Ijumaa hiyo kabla ya saa sita mchana: ndiyo, au apana.

Binti yake Mama,
Saliha