Nguruwe Aliyebaki Ibaba

Kituoni, Pwani
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema la kwangu nauliza kwanza goti lako la kulia, maana najua mvua za huko zikishika ndipo linapoanza kukusumbua. Bado unapanda kilima mwenyewe kufuata maji, au kaka Ambakisye ameona haya akakutafutia mtu? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku ni lile lile, usiku shuka linalowa jasho, lakini chakula kinashuka na sijaugua malaria tangu Pasaka. Mazuri niliyo nayo yameishia hapo.

Barua yako nimeipata. Lusekelo, mtoto wa mama mdogo, aliikabidhi kwa kondakta wa basi pale Tunduma, na kondakta akakaa nayo mfukoni wiki nzima, ikafika imekunjamana na kunuka soksi. Nimeisoma mara nne. Hili ni jibu lake, nami nakuomba umwite Ambakisye akusomee mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Usimpe mwalimu wa shule. Mambo mengine yasomwe na wa ndani.

La kwanza, Mama, mimi si daktari. Siku niliyokuja kuaga, uliposimama kanisani ukasema mwanao anakwenda kutibu wanyama wa serikali, nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Niliinama nikatazama viatu, sikukusahihisha. Mimi ni mhudumu wa banda. Nachanganya pumba, nafagia kinyesi, naandika nani kala na nani kakataa. Na wanyama ninaowalisha hawaji hapa kutibiwa. Wanakuja wazima, wananenepa kidogo, kisha wanatiwa ugonjwa kwa sindano ili madaktari waone unavyokwenda mwilini. Wakifa wanapasuliwa. Ndiyo kazi yangu miaka mitatu hii, na ndiyo sababu kila uliponiuliza habari za kazi nilikujibu habari za mvua.

Homa ilipoingia Ibaba, bwana mifugo alikuja kwako, akakata kipande cha bandama la nguruwe wako wa kwanza, akakitia kwenye chupa, na chupa kwenye barafu. Ulidhani kinapelekwa kutafutiwa dawa. Kilikuja hapa. Chupa ile niliipokea mwenyewe dirishani. Ilibandikwa karatasi iliyoandikwa Ibaba, na jina lako kamili chini yake. Nilisimama nayo mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeona nyoka.

Kipande kile walikisaga, wakamchoma sindano nguruwe mmoja niliyekuwa namlisha, mwenye hereni namba kumi na nne sikioni. Siku tatu alikula. Ya nne akaacha pumba, akanywa maji tu. Ya tano masikio yakageuka zambarau, akawa analala ameegemea ukuta, na nilipomwita hakuinuka. Mama, nilikuwa naona ya kwako. Yale uliyonieleza, kwamba uliwakuta wamelala wamerundikana na hawataki hata ndizi mbivu, mimi niliyaona siku kwa siku kabla barua yako haijanifikia. Ya nane alikufa nikiwa nimeshika ndoo. Madaktari wakasema ndiyo yenyewe, homa ya nguruwe, wakaandika, wakaenda kunawa.

Unaniuliza mara tatu katika barua moja: dawa iko wapi? Unasema watu wanasema Asajile anayo ila anaringa. Mama, haipo. Hakuna sindano, hakuna kidonge, hakuna chanjo, si hapa wala Ulaya. Nilimuuliza Daktari Neema, mkuu wa banda letu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Akanijibu, "Asajile, dawa ya hii ni jembe. Chimba, fukia." La kuvunda halina ubani.

Ndiyo maana linaniuma lile mlilolifanya, ingawa silaumu mtu. Nguruwe wa kwanza alipoinamisha kichwa, Ambakisye alimchinja upesi kabla hajafa, kama baba alivyotufundisha, na kila nyumba ikapata fungu lake, maana kwetu mtu hali nguruwe peke yake akaendelea kuitwa mtu. Nyama ikaoshwa, maji yake yakamwagwa kwenye hori kama siku zote. Nyama ile haimdhuru binadamu, lakini nguruwe akiyalamba maji yale amekwisha. Nyumba mliyoipa paja ndiyo iliyofuata, kisha mliyoipa mbavu, kisha ya mchungaji. Ukarimu wetu wenyewe ulibeba ugonjwa mlango kwa mlango. Ningekuwapo ningefanya hivyo hivyo, na fungu la mchungaji ningelipeleka mimi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mwishoni mwa barua yako uliniambia kwa furaha kwamba kata nzima iko kimya na mabanda yote ni matupu, isipokuwa Mwinjilisti, yule jike uliyempa jina hilo kwa sababu anahubiri tangu alfajiri. Kwamba aliugua siku sita akainuka. Kwamba mmemvusha mto Songwe kwa dume la jamaa zetu wa ng'ambo na ameshika mimba. Na kwamba umekwisha kumwahidi Mama Subi na wale wajane wawili kitoto jike kila mmoja, nao watakurudishia mmoja wa uzao wao wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu ya kupeana mbegu. Uliandika, "Ibaba itaanza upya kutoka bandani mwangu."

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Nilikimbia na barua mkononi mpaka chumba cha chai, nikawaambia madaktari kwamba kwa mama yangu nguruwe mmoja kapona. Nilitaka kuwaringia, Mama. Siku zote wao ndio wenye habari na mimi ndiye mwenye ufagio. Nilidhani watasema hongera.

Daktari Neema akaweka kikombe mezani. "Kapona kabisa? Anakula?"

"Anakula, na ana mimba."

"Mama yako asimuuze, wala asimpe mtu," akasema. "Huyo tunamhitaji."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Nguruwe akipona homa hii anaweza kubaki nayo mwilini, yeye haugui tena lakini anawapa wenzake. Kwa hiyo si salama kumwacha pale. Tena wapo wachache sana wanaopona, na madaktari wanataka kujua damu yake ina nini. Watamtoa damu, kisha watamchoma tena ugonjwa ule ule waone kama atasimama mara ya pili. Mwisho watampasua, yeye na vilivyomo tumboni.

Nilimwomba. Nikasema, Daktari, angalau azae kwanza, kuna wanawake wameahidiwa. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinivunja moyo kuliko kama angenifokea.

"Ukiwapa hao wanawake vitoto vyake," akasema, "utakuwa umewapa nini?"

Nikachukua ndoo yangu nikarudi bandani.

Basi gari linakuja. Barua hii nimempa dereva, kwa hiyo unapoisikiliza gari limesimama pale chini ya kanisa, maana juu halifiki. Unaweza kukataa, Mama. Hawana askari. Lakini ukikataa itabidi umuue mwenyewe na kumfukia shimo la kina cha kiuno, msile hata ulimi. Na mimi nakujua. Hutamuua. Utamficha kwa shangazi, atazaa, utatimiza ahadi yako kwa sababu hujawahi kuvunja ahadi, na mwakani mtaniandikia tena kuniuliza dawa. Kwa hiyo nakusihi kwa magoti, mtoe. Watakupa kifuta jasho, naona haya hata kukitaja.

Kabla ya safari asipewe chakula, njia ina kona nyingi na atatapika. Afungwe kwa kamba ya katani, si waya. Umwite wewe mwenyewe mpaka garini, maana wakimkamata wageni atahangaika na kulia, na sitaki uisikie sauti hiyo. Bandani msiingize mnyama mwingine. Tena mtumeni mtu ng'ambo ya mto akaulize kama lile dume bado linakula. Naogopa jibu lake, lakini ulizeni.

Huku nitampokea mimi. Atapewa hereni na namba, nitamwekea majani makavu na maji safi, na kila siku nitaandika amekula kiasi gani. Jina lake sitawaambia.

Nisalimie kaka Ambakisye, umwambie kisu chake hakikuwa na kosa. Msalimie mkewe na yule mtoto wao mchanga nisiyemjua sura. Shangazi mwenye shamba la viazi mwambie namkumbuka, na kwamba asikubali kuficha kitu. Lusekelo akipanda kutoka Tunduma mshukuruni kwa barua. Mama Subi, jirani yetu mwema, usimpe salamu zangu kwanza. Mpe habari ya kitoto kwanza, kisha salamu, kama bado atazitaka.

Limebaki swali lako moja nililoliruka kila mara: kwa nini siji. Hata kwenye matanga ya mjomba sikuja, ukasema mji umenilevya. Si hivyo. Sisi wa banda lile tunakatazwa kukanyaga mahali popote panapofugwa nguruwe, tusije tukabeba ugonjwa kwenye nguo na kwenye kucha. Na Ibaba kila nyumba ilikuwa na banda. Niliona haya kukuandikia kwamba mwanao ni najisi kwa kijiji chake. Jana nilimuuliza Daktari Neema kama sheria hiyo bado inanifunga. Akafungua taarifa ya bwana mifugo, akaitafuta kata yetu, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akasema gari likisharudi na huyo mmoja, Ibaba haitakuwa na nguruwe tena, na mimi ninaruhusiwa kwenda nyumbani siku yoyote nitakayo.

Ni mimi mwanao,
Asajile