Uzi wa Siku ya Nne

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo unakuruhusu kukaa kitako bila kugombana nawe. Mpe mama salamu zangu kabla hujasoma zaidi, maana najua amesimama nyuma ya bega lako. Mimi sijambo, ila vidole vimeota sugu mahali ambapo sindano haikuwahi kufika.

Sijaandika muda mrefu, na wewe hujaandika, kwa hiyo tuko sawa. Naandika kwa sababu mechi yetu ya mwisho ya ligi ya kriketi itachezwa hapo kwenu, uwanja wa nyuma ya kinu cha unga. Ni siku nne, kuanzia tarehe kumi na tisa. Kocha amesema wazi kwamba baada ya hapo atachagua wachezaji wa msimu ujao, na jina langu ameliwekea alama ya kuuliza. Nisipochaguliwa sina timu nyingine. Nitarudi kwenye banda lako la viatu kukuomba kile kigoda ulichosema nikikiacha nisikirudie.

Sikuombi uje. Nakuarifu tu.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo uko mahali pake, nyuma. Mama yako anaitikia salamu na anasema hakuwa amesimama nyuma ya bega langu, alikuwa anapita.

Kuhusu mchezo wako, banda limejaa viatu vya shule, na juu yake nina buti za mlinzi wa benki anayetembea kwa kisigino kimoja. Fundi mwenye kazi hawezi kukaa siku nne akitazama watu wazima waliovaa nyeupe wakingoja mpira. Kigoda kipo. Nimekiwekea makopo ya rangi kwa muda.

Nakutakia heri.

Mzazi wako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mwili mzima, moyo ndio unachechemea kidogo.

Mechi imeisha sare. Nitakueleza kwa kifupi kwa vile hukuwepo. Siku ya mwisho tulitakiwa kuwatoa wapigaji wao wote kabla ya saa kumi na moja na nusu. Wanne niliwatoa mimi, mmoja baada ya mwingine. Mpira ulikuwa umechakaa, na sehemu moja ya mshono uzi ulikuwa umeinuka. Nilikuwa naegemeza kidole hapo, na mpira unazunguka ninavyotaka. Akabaki mtu mmoja. Tukimtoa huyo, tumeshinda. Basi mpira ukatoka nje ya kamba ya mpaka wa uwanja, ukamfikia mzee mmoja mtazamaji, na huyo mzee akachomoa kisu mfukoni akaukata ule uzi. Mwamuzi akauondoa mpira na kuleta mwingine, laini kama yai. Sikumtoa mtu tena.

Kocha atatangaza majina katikati ya Aprili. Ondoa makopo ya rangi kwenye kigoda, huenda nakuja. Utafurahi.

Sijui yule mzee alikuwa anafikiria nini. Ningependa kumuuliza.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, na tunakuombea na wewe moyo uache kuchechemea. Tafuta mahali ukae, maana barua hii ni ndefu kuliko ile niliyomwandikia babu yako kumwomba binti yake, na ile ilikwenda kurasa mbili.

Nilikuwepo.

Siku tatu za kwanza nilikaa bandani kama nilivyokuambia. Siku ya nne nilikuwa napeleka buti za mlinzi, na njia ya kwenda kwa mlinzi, ukiizungusha vya kutosha, inapita nyuma ya kinu cha unga. Mama yako alinipa kofia ya jua kabla sijamwambia naenda wapi.

Nikakaa karibu na kamba, pembeni ya mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye huandika kila mpira daftarini kana kwamba kuna mtu atakuja kumsahihisha. Nikamuuliza nani anashinda. Akasema hakuna. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Alhamisi. Nikauliza, sasa wale wenye magongo wanatafuta nini? Akanieleza kwamba wao hawawezi kushinda tena, wanatafuta kutoshindwa tu. Muda ukiisha kabla ya wote kutolewa, ni sare, nao watakumbatiana. Nikawaza. Nimeishi miaka sitini na tatu nikidhani kazi hiyo naifanya peke yangu.

Kisha mchezo ukasimama, wakaenda kunywa chai. Hakuna aliyewafukuza. Walitoka tu, wote, pamoja na maadui zao. Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mchezo wenu.

Waliporudi ukapewa mpira wewe. Sikukutambua upesi, maana mlikuwa mnafanana kama viatu kwenye rafu. Nilikutambua kwa bega. Unapinda bega la kushoto kabla ya kurusha, vile vile ulivyokuwa ukilipinda unapovuta uzi mrefu. Mpigaji wa kwanza, vile vijiti vitatu vya nyuma yake vikaanguka naye anatazama mbele. Wa pili alipiga kwa pupa, mpira ukapaa ukadakwa. Kufika wa nne nilikuwa nimesimama, na mwalimu akaniambia nikae, nawaziba walio nyuma. Nikamwambia yule anayerusha ana mkono. Akauliza kama nakufahamu. Nikasema naona ni mtu aliyepitia kwa fundi. Si uongo.

Akabaki yule wa mwisho, mrefu, aliyeshika gongo kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake. Ukarusha, akapiga, nadhani alikuwa amefumba macho, na mpira ukaja ukiteleza kwenye nyasi, ukapita chini ya kamba, ukatua kwenye kiatu changu.

Sikuwahi kuushika mpira wenu. Miaka yote uliyokuwa ukiupiga ukutani pa banda niliukataza bila kuutazama. Sasa nikauokota. Kumbe ni ngozi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni ngozi. Vipande vimekutanishwa mpaka huoni vilipokutana, mistari sita ya mshono imezunguka, na aliyeushona hakuwa na haraka. Nikaugeuza, nikaona uzi umetoka, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, umesimama. Mwenzako akaja mbio akanyoosha mkono.

"Mzee, mpira."

"Subiri kidogo, kuna uzi umetoka."

"Ndivyo ulivyo huo."

"Hakuna kitu cha ngozi ambacho ndivyo kilivyo, uzi ukiwa nje."

Alidhani natania. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni. Nikakata, nikalaza mshono kwa kidole gumba, na kwa kuwa kazi isiyopakwa nta ni nusu ya kazi, nikapaka nta. Yote hayo hayakuzidi muda wa kupiga chafya. Nikamrudishia nikamwambia, sasa utadumu. Mwalimu alikuwa ameacha kuandika.

Nilikuona ukiupokea na kujifuta nao uso, au ndivyo ilivyoonekana kwa umbali ule. Ukatembea ukampa mwamuzi. Akaugeuza, akamwita mwenzake, wakaugeuza wote wawili, likaletwa sanduku la mipira mingine. Ndipo mwalimu akanieleza nilichofanya, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba. Saa nzima iliyobaki nilikutazama ukirusha ule mpira mwingine na kujifuta vidole kwenye suruali. Yule mrefu akasimama mpaka mwisho. Wakakumbatiana kweli.

Sikuja kukusalimu. Nilimpelekea mlinzi buti zake.

Barua yako imekaa nami siku mbili. Nikinyamaza, unarudi bandani na hujui kitu. Ndicho nilichokitaka miaka mitatu, na sasa nimekipata kwa kisu. Niliondoa yale makopo, nikakaa mwenyewe kwenye kigoda nione ulikuwa unaona nini ukikaa hapo. Unaona ukuta, na alama za mpira, nyingi sana, zote mahali pamoja, duara lisilozidi sahani. Sikuwahi kuutazama ukuta ule kutokea upande wako.

Kesho napanda basi kwenda kwa kocha wako. Nitamwambia aliyekushinda siku ile ni baba yako, si yule mrefu. Akitaka kukiona kisu, nitakuwa nacho.

Mama yako anasema nikuulize kama una hasira. Mimi siulizi.

Baba yako


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Hapa wazima wote. Katikati ya Aprili imepita. Mama yako anapita nyuma ya bega langu mara nyingi kuliko kawaida. Kocha alinisikiliza, akaniuliza kama naweza kumtilia soli mpya, nikamtilia palepale, lakini kuhusu wewe hakusema neno. Kigoda ni kitupu. Sijui nikiache hivyo au nikirudishie makopo.

Baba yako


24 Aprili

Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile barua ndefu ambayo sikuijibu kwa wakati. Niko salama. Nilikuwa nangoja niwe na la kukuambia.

Nilijua. Mpira uliporudi mkononi sikuwa najifuta uso. Nilikuwa nanusa. Nta yako ile unayochemsha na masizi, ningeitambua hata usingizini. Nilitazama kofia zote pembeni ya kamba nisikuone, lakini nilijua upo. Ningeweza kuifuta nikaendelea, mwenzangu asingesema. Ila mpira uliopakwa kitu si halali, na sikutaka kumtoa mtu kwa huo, siku ambayo wewe umekuja.

Na nikuambie jingine. Saa ile ya mwisho haikuwa kosa la mpira peke yake. Kila nikirusha, jicho moja lilikuwa kwenye kamba.

Nilikuandikia habari za mzee mmoja nione utafanya nini. Unisamehe.

Kocha alinihadithia kwamba alikuja fundi na kisu kimefungwa kwenye gazeti, akaomba ahukumiwe yeye. Kisha akaniambia, "Mrushaji anayetegemea uzi uliochomoka bado hajawa mrushaji." Amenipa msimu mmoja nijifunze. Jina langu halina tena alama ya kuuliza. Kwa hiyo siji, baba. Rudisha makopo.

Mwamuzi alinipa ule mpira wetu wa zamani. Nakutumia kwa basi, umo ndani ya soksi. Ni wa mazoezi tu. Pale ulipokata, mshono umeanza kuachia. Ufanyie unavyoona.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Tuko wazima, na mama yako ameanza kusimama nyuma ya bega langu waziwazi.

Mpira umefika. Soksi nayo ilihitaji fundi. Nimefumua pale nilipokata, nikashona upya kwa sindano mbili. Kisha nikaupiga ukutani mara kadhaa, kwa uchunguzi tu. Jirani akaja kuuliza kama umerudi. Sikuzipata alama zako hata mara moja, na bega linaniuma mpaka leo.

Nta sijapaka. Na pale pale, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, nimeacha uzi umesimama. Kocha wako ana haki yake ya kusema, lakini si yeye aliyeukata. Miaka arobaini sijawahi kutoa kazi bandani ikiwa katika hali hiyo. Mtu akikuuliza ni fundi gani, usinitaje.

Baba