Mbegu Yenye Haikuota

Kwako Kambale, mwana wangu,

Salamu mingi huko Kipese. Uko muzima? Bibi yako na batoto benu banalala muzuri, ao basoda na bunduki yabo bangali banapita? Huku Beni kwa dada yako Masika niko na afya, mugongo tu inanisumbua.

Unajua vile muto ilibeba mashamba ya huku. Maharagi yote ilienda na maji, muchanga ikabakia. Bamama banalia. Kisha ya misa nikasimama mu kanisa: "Munyamaze. Mimi ni mama ya Kambale wa Kipese. Mwana wangu anachunga mbegu yangu ya maharagi, yenye nilimuachia, ndani ya majivu, hata mududu moja hapana gusa. Ataituma." Unanijua, kwa kukusifu mimi hapana choka.

Mufuko yenye ulituma ikapita barrière yote ya basoda njiani, ikafika. Bakaimba! Nikafungula: hapana majivu. Nikasema pengine bibi yako aliisafisha juu ya safari. Tukapanda, mvula ikanyesha vizuri, tukangoja. Hakuna kitu. Nikachimba na kidole: imeoza.

Sasa shofere wa kamio yenye ilileta mufuko, Baba Amisi, mutu wa kuswali, ameniambia wazi: "Mama Kambale, mbegu ya majivu mwana wako aliuzishia bachuruzi ya Butembo. Wewe alikutumia maharagi ya soko, yenye banakaangaka kidogo juu ya kuua bududu."

Kambale! Mbegu yenye mama yangu alinipatia siku ya ndoa? Kama uko na shida, si ungesema? Lakini kunisimamisha mbele ya batu na maharagi ya kufa!

Jana jirani yetu Mama Zaina akaniletea sahani. "Kula, mama. Ni ile maharagi yenye ilibakia mu mufuko. Tamu sana! Mwana wako anajua kuchagula maharagi ya kupika mu chungu." Bote bakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikamurudishia sahani.

Nikawaambia tena: Kambale anakuya mwenyewe mbele ya mvula kukatika, na mbegu ya kweli, na jembe yake, atalima na sisi. Mama Zaina akasema, "Tutaona." Sikukuuliza, na sitakuuliza.

Salimia baba mukubwa Paluku, na bibi yako mwenye kupika kushinda bote, na shangazi Kavugho mwenye alikushika siku ya ubatizo. Usiwafiche hii maneno.

Ukituma mufuko pekee, nitairudisha na kamio ileile bila kufungula. Ukikuya wewe, nitakuya kukupokea barabarani mbele ya bote.

Mimi mwenye kukuzala,
Mama