Jina la Mtu Aliye Hai

Ashdod, 3 Mei 2010

Bibi yangu Pesia,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na yule jirani wa chini, bado anakupandishia mkate au mmeshagombana tena? Huku tu wazima. Mama anajaribu magauni kila siku kana kwamba yeye ndiye anayeolewa.

Sasa sikia. Ofisi ya marabi hapa haituandikishi ndoa mimi na Nadav mpaka nithibitishe kuwa wewe, mama wa mama yangu, ni Myahudi. Nilishakata tamaa, maana vyeti vyako viliungua vitani. Kumbe madaftari ya zamani ya ndoa ya huko Chernivtsi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na yamo kwenye mtandao! Nimekaa siku tisa nikisoma mwandiko wa makarani, macho yamenivimba, hadi nikakupata. Februari 1940, rabi anakufungisha ndoa, una miaka kumi na tisa.

Ila bwana harusi siye Babu Izya. Ni Leyzer Zilberbush, mshona kofia. Haya, mke mwenzangu, kumbe ulikuwa na mambo yako! Ni nani huyu?

Kesho nampelekea rabi ukurasa huo.

Mjukuu wako,
Rimma

Chernivtsi, 20 Mei 2010

Rimma, mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, na jirani analeta mkate.

Karatasi hiyo usiipeleke popote. Leyzer alikuwa mume wangu wa kwanza. Mwaka 1941 jeshi lilimchukua. Sisi tuliobaki tulipelekwa kambini ng'ambo ya mto Dnistri, na niliporudi mwaka 1944 nikakuta barua ya jeshi kwamba ameuawa tangu 1942. Nikakaa matanga siku saba. Machi 1946 nikaolewa na Izya, na Julai ya mwaka uliofuata akazaliwa mama yako. Basi, hakuna zaidi. Mama yako, Fanya, hajui kama niliwahi kuolewa kabla, na asijue.

Zima hiyo mashine, mwanangu. Mwenye kuamsha waliolala, hulala yeye. Kaburi la mama yangu lipo huku na limeandikwa kwa lugha yetu. Nitamwomba jirani alipige picha, uwapelekee hiyo. Tangu barua yako ifike naogopa.

Bibi yako,
Pesia

Ashdod, 7 Juni 2010

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri kuliko mimi. Barua yako imenikuta nimeshapeleka.

Rabi anayeshughulikia faili yangu anaitwa Toledano, mzee mpole, anagawa pipi kwa kila anayeingia. Uyahudi wako ameukubali pale pale. Halafu akaniuliza, "Na huyu mume wa kwanza alimpa bibi yako hati ya talaka?" Nikamwambia alikufa vitani. Akasema vizuri, ila sheria inamtaka ahakikishe. Akaingia kwenye tovuti ile ile niliyomwonyesha mimi mwenyewe, Bibi, kwa mkono wangu!

Amekuta orodha ya mateka wa vita waliorudishwa makwao, Oktoba 1946. Leyzer Zilberbush, kazaliwa Chernivtsi 1919. Hai.

Alinieleza taratibu, kama daktari. Ikiwa ndiye, basi ulipoolewa na Babu Izya ulikuwa bado mke wa mtu. Mama alizaliwa nje ya sheria, na mtoto wa namna hiyo haruhusiwi kuolewa na Myahudi mwenzake, wala watoto wake, wala wajukuu. Tutaandikwa kwenye orodha ya waliokatazwa, mimi na Mama, na haifutiki. Kikao ni tarehe 14 Julai. Harusi ni Jumanne, 31 Agosti.

Nadav sijamwambia. Mama yupo jikoni anaimba. Naogopa kumtazama usoni.

Alikuwa hai, Bibi? Nijibu hilo tu.

Rimma

Ashdod, 28 Juni 2010

Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Sijapata jibu. Nimempigia jirani yako, anasema u mzima, unakula, barua yangu umeipokea na umeifungia kabatini. Masikio yako hayasikii simu, najua, lakini mkono unaandika.

Nadav ameniuliza mbona nimekonda. Nimemwambia ni gauni. Mchana nafungua madaftari, nafunga, nafungua tena. Kila jina la Zilberbush nikiliona, nalinakili pembeni.

Niandikie hata mstari mmoja.

Rimma wako

Ashdod, 15 Julai 2010

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo mara mia! Tumepona!

Siku tatu kabla ya kikao nilipata daftari la mtahiri mmoja wa Botoshani, huko Rumania, nalo limepigwa picha lote. Mwaka 1951 alimtahiri na kumpa jina mtoto wa Mordko Zilberbush kutoka Chernivtsi. Na pembeni kaandika: "Jina lake Leyzer, kwa jina la ndugu wa baba yake aliyefia vitani 1942."

Rabi Toledano alisoma mara mbili, akapiga meza kwa furaha. "Kwetu Moroko," akasema, "babu anachinja kondoo akipata somo wake angali hai. Lakini nyinyi wa Ulaya Mashariki! Nani kwenu angempa mwanawe jina la ndugu aliye hai? Si kumwelekeza malaika wa mauti mlango!" Wenzake wawili wakacheka. Wakasema binamu wengi walikuwa wakirithi jina la babu mmoja, kwa hiyo Leyzer wa ile orodha ni mwingine. Ndugu wa damu amekwisha kushuhudia. Wametupa kibali, mimi na Mama.

Nimelia mpaka pipi ya mzee ikanitoka mdomoni.

Na ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni: huyo mtoto yupo! Leyzer mwana wa Mordko ni daktari wa meno hapa karibu, mjini Holon, ana miaka hamsini na tisa. Nimempigia simu. Hana ndugu hata mmoja, alilia. Atakuja harusini na albamu yenye picha za baba yake, awaonyeshe wazee wa kwetu waliohamia huku kutoka Chernivtsi. Nimewaalika wote.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Rimma

Chernivtsi, 27 Julai 2010

Rimma,

Hujambo, mwanangu. Mimi sijambo kwa kuandika tu. Barua hii nimempa jirani aitume kwa njia ya haraka. Isome peke yako, uichome.

Mwambie huyo daktari harusi imeahirishwa. Mwambie uongo wowote, lakini asije na albamu.

Mordko, ndugu yake Leyzer, alikufa kwa homa ya chawa kambini, Desemba 1941. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hakuoa wala hakuzaa. Wazee wale wakiona picha, watajua ni ya nani.

Masika ya 1947 nilisikia hodi. Leyzer alikuwa mlangoni, amekonda, kofia mkononi. Nikamfungulia na tumbo langu la miezi sita. Alilitazama kwa muda mrefu. Alisoma chuo cha dini utotoni, sheria aliijua kuliko mimi. Angenipa talaka siku ile, isingemsaidia mtoto aliyekwisha kuwamo. Nilimwomba aketi, akakataa. Aliniuliza kama vyeti vya Mordko ninavyo. Nikampa. Akasema, "Leyzer amekufa, Pesia, uliambiwa kwa maandishi." Akashuka ngazi. Izya alirudi kazini, nikampakulia supu. Hakujua mpaka anaingia kaburini.

Sikukujibu kwa sababu niliiogopa kalamu. Ukiniuliza swali, nitakudanganya au nitakuua. Sasa unajua, na la kufanya ni lako. Mimi nitaendelea kuogopa kama nilivyozoea.

La mtoto sikulijua hadi barua yako ilipofika. Hakuna mtu kwetu anayempa mwanawe jina lake mwenyewe angali anapumua. Leyzer alimshika mwanawe mbele ya watu, akalitaja jina, ili mimi niwe mjane.

Bibi yako,
Pesia